Usingizi Usiozuilika: Kemia ya Ubongo na Tahadhari kwa Mnunuzi wa Dawa

Katika Itungi na vijiji vingine vya Kyela vilivyo kando ya Ziwa Nyasa, mtu kusinzia mchana si jambo la kushangaza. Wavuvi wa usipa hukesha majini na taa zao, wakulima wa mpunga na kakao huamka kabla ya alfajiri, na joto la bondeni huwalemea hata waliolala vyema. Ndiyo maana maradhi yaitwayo nakolepsia yanaweza kujificha kwa miaka mingi chini ya majina ya uvivu, ulevi au kurogwa. Kwa somo hili tunakusudia kumsaidia msomaji ayatambue maradhi hayo, aelewe kinachotendeka ubongoni, na asipoteze fedha wala afya kwa kununua dawa isiyomfaa.

Uchovu na ugonjwa

Aliyekesha akipata usingizi wa kutosha kwa siku chache, hurejea katika hali yake. Mwenye nakolepsia hulala usiku, huamka, na baada ya saa chache hushikwa tena na usingizi bila hiari, pengine akiwa anakula au anazungumza. Hali hiyo huendelea kwa miezi mitatu au zaidi. Aghalabu huanza kati ya umri wa miaka 10 na 30. Huko Ulaya na Marekani hukadiriwa kuwa mtu mmoja hivi kati ya 2,000 anayo.

Baadhi ya wagonjwa huishiwa nguvu ghafla wanapocheka au kushtuka: magoti hulegea, taya hushuka, kichwa huinama, ilhali fahamu zao ni timamu na wanasikia kila neno. Dalili hii huitwa katapleksia. Wengine hukabwa na jinamizi mara kwa mara, yaani huamka wakiwa hawawezi kujongea na huku wakiona vitisho. Jinamizi humpata hata mtu mwenye afya njema, hivyo peke yake si dalili ya ugonjwa huu.

Nakolepsia haiambukizwi. Tena si malale, ambayo huletwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o.

Kinachotendeka ubongoni

Ndani kabisa ya ubongo, katika sehemu iitwayo hipothalamasi, kuna kundi dogo la seli linalokadiriwa kuwa na seli 70,000 hivi. Seli hizo hutengeneza kemikali iitwayo oreksini, iliyogunduliwa mwaka 1998. Kazi ya oreksini ni kuzihimiza kemikali nyingine za kukesha, zikiwemo histamini, dopamini na noradrenalini, ili ziendelee kufanya kazi kwa uthabiti mchana kutwa.

Mwaka 2000 watafiti waliochunguza ubongo wa watu waliofariki wakiwa na nakolepsia walikuta kwamba sehemu kubwa ya seli hizo ilikuwa imetoweka. Wataalamu wengi huamini kwamba kinga ya mwili ndiyo iliyozishambulia kwa makosa. Oreksini ikikosekana, mpaka kati ya kulala na kukesha hulegea. Usingizi wa ndoto, ambao kwa kawaida huja baada ya saa moja na zaidi ya kulala, humjia mgonjwa katika dakika chache. Ulegevu wa misuli unaoambatana na ndoto nao humvamia akiwa macho; ndiyo asili ya katapleksia.

Je, akili hupungua?

La. Kipimo cha akili cha mwenye nakolepsia hakitofautiani na cha watu wengine. Kinachoyumba ni umakini wa muda mrefu, hasa katika kazi isiyo na mabadiliko: kusikiliza somo, kuendesha pikipiki barabara iliyonyooka, kulinda wavu usiku. Anaposema amesahau alichofundishwa, mara nyingi hakukipokea tangu mwanzo, kwa kuwa alisinzia kwa sekunde chache macho yakiwa wazi. Mwanafunzi wa namna hiyo akiadhibiwa kila siku hapati nafuu yoyote. Akiruhusiwa kulala dakika 15 hadi 20 kwa nyakati maalumu, anaweza kusoma vizuri.

Kabla ya kununua dawa

1. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu huzuia kwa muda kemikali ya uchovu iitwayo adenosini. Havirudishi oreksini, na vikinywewa jioni huharibu usingizi wa usiku.

2. Dawa nyingi za mafua na mzio, kama klorofenamini, huizuia histamini ubongoni na hivyo huongeza usingizi. Mweleze muuzaji kwamba unasumbuliwa na usingizi kabla hajakupa dawa.

3. Dawa za kukesha, kama modafinili, ni za cheti cha daktari. Usizinunue sokoni, kwa mchuuzi, wala kwa mtu aliyezivusha mpakani Kasumulu. Modafinili hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Mwanamke anayeitumia ashauriane na mtaalamu kuhusu njia nyingine.

4. Aliyeandikiwa dawa ya kuzuia katapleksia asiiache ghafla, kwani dalili huweza kurudi kwa ukali zaidi.

5. Hadi sasa nakolepsia haina tiba ya kuiponya kabisa, ingawa dalili zake hudhibitiwa. Anayekuahidi kuiponya kwa chupa moja anataka fedha zako.

Hatua za kuchukua

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Usinziaji huweza kuletwa pia na malaria, upungufu wa damu, kisukari, kifafa au dawa unazotumia. Hayo yapimwe kwanza. Andika kwa wiki mbili saa unazolala, saa unazosinzia, na kinachotokea unapocheka, kisha umpelekee mganga daftari hilo. Ikibidi, omba rufaa kutoka Hospitali ya Wilaya ya Kyela kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Dawa ikikudhuru au ukiitilia shaka, toa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mbeya.

Wakati uchunguzi unaendelea, mwenye dalili hizi asiingie ziwani peke yake, asiendeshe chombo cha moto, wala asiachwe peke yake jikoni penye moto. Katapleksia ya dakika moja juu ya mtumbwi yatosha kumzamisha mtu hodari wa kuogelea. Tunawasihi wanafamilia na wavuvi wenzake wamweleze hayo kwa upole, na wamsindikize hospitalini.