Ngozi Isiyovumilia Jua: Somo kwa Kamati za Usharika

Msimu mmoja wa korosho nilipita Mkunya nikamkuta kijana mwenye ualbino ameketi juani akichambua korosho, kichwa wazi. Sikioni alikuwa na kidonda. Mama yake alisema kina miezi minane, na kila siku hukipaka dawa ya unga.

Ualbino ni hali ya kurithi. Mwili hautengenezi melanini ya kutosha, yaani ile rangi inayokinga ngozi na miale ya jua. Mtoto hupata kinasaba kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, hata kama wazazi wote wawili ni weusi. Nalisema hili kwa sababu bado zipo nyumba ambamo mama peke yake hulaumiwa, na wengine huachwa.

Mwaka 1985 Dk. J. Luande na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam. Waliona kuwa ngozi huanza kuharibika utotoni, na saratani huwapata wengi wangali vijana. Kwa hiyo kinga ianze mtoto angali mgongoni. Kungoja aanze shule ni kuchelewa.

Huko Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kituo cha kufundisha matibabu ya magonjwa ya ngozi kilifunguliwa mwaka 1992. Hapo hapo mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, aliongoza utengenezaji wa Kilisun, mafuta ya kukinga jua yaliyoandaliwa kwa ajili ya ngozi hii. Mafuta ya nazi hayafanyi kazi hiyo, ingawa wengi wetu tunayaamini.

Pasipo mafuta, ipo kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, na kazi ya shamba asubuhi na mapema au baada ya saa kumi. Kivuli cha mkorosho tunacho bure. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe hospitali. Kingali kidogo, hukatwa na mgonjwa akarudi nyumbani. Kikikomaa, safari ni ya Ocean Road, Dar es Salaam, na hapo nauli na malazi huishinda familia. Kijana yule alipoteza sehemu ya sikio.

Kwa kikao kijacho, jadilini: usharika wenu una watoto wangapi wenye ualbino, nani kati yao hana kofia, na ni fungu gani litakalolipa nauli ya atakayeonekana na kidonda?