Milimani, Jua Kimo cha Shamba Kabla ya Kununua Mbegu

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto mjini, katika Milima ya Usambara mkoani Tanga, ina kilomita thelathini na ushee tu, lakini anayeipanda hupita kanda kadhaa za kilimo. Mombo, iliyo kwenye mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, kuna mkonge, miembe na mpunga wa kumwagilia. Katikati ya safari migomba na mahindi hushika nafasi. Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, ni nchi ya kabichi, karoti, maharage, peasi na plamsi. Ukiendelea kupanda kuelekea Magamba na Shume, viazi mviringo hustawi kwenye ubaridi ambao mwembe hauuwezi.

Ndiyo maana mkulima wa Milima ya Usambara hawezi kufuata ushauri wa jumla wa “mkoa wa Tanga”. Kabla ya kuchagua mbegu anahitaji majibu ya maswali mawili: shamba langu liko juu kiasi gani, na linatazama upande gani?

Kimo na joto

Kwa wastani, kila unapopanda mita 100 joto hupungua kwa nyuzi 0.6 za Selsiasi. Hewa inapopanda mlima hukutana na kanieneo ndogo ya hewa, hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa kuwa Lushoto imeizidi Mombo kwa karibu mita 1,000, tofauti ya joto kati yake hufika nyuzi 6 hivi.

Tofauti hiyo hubadilisha muda wa mazao kukomaa. Mahindi ya Staha, mbegu ya ukanda wa chini, hukomaa kwa takriban miezi minne. H614, mbegu ya nyanda za juu, huweza kukaa shambani miezi sita na zaidi. Ukiipanda H614 huko tambarare, mvua huweza kukatika kabla punje hazijajaa. Ukiipeleka Staha kwenye ubaridi wa Magamba, hudumaa na kuandamwa na magonjwa ya majani. Mbegu zote mbili ni nzuri, ila kila moja ina kwao.

Viazi mviringo hutunga vizuri udongo unapokuwa na nyuzi 15 hadi 20. Usiku ukiwa wa joto, mmea hutoa majani mengi na viazi vichache. Plamsi, peasi na matufaha yanahitaji kipindi cha baridi ili macho ya maua yaamke. Baridi ya Juni hadi Agosti, ambayo wageni huilalamikia, ndiyo inayowapa wakulima wa Lushoto matunda hayo.

Kumbuka pia kwamba bonde si lazima liwe na joto kuliko mteremko ulio juu yake. Usiku usio na mawingu, hewa ya baridi huwa nzito, huteremka na kutuama bondeni. Katika maeneo ya juu zaidi nchini, kama Makete na Njombe, hali hiyo huleta sakitu inayounguza majani ya viazi. Mazao yasiyovumilia baridi yapande mteremkoni.

Upande wa mvua na upande wa ukame

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huzigonga kwanza safu za mashariki. Hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mvua. Amani, katika Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka ingawa iko kwenye mita 900 tu. Lushoto, iliyo juu zaidi lakini ndani zaidi, hupata takriban milimita 1,000. Ng’ambo ya milima, upepo hufika ukiwa mkavu, na tambarare za Mkomazi ni nchi ya ukame.

Kwa hiyo mashamba mawili yenye kimo kimoja yanaweza kutofautiana kabisa. Upande wa mvua huchukua chai, iliki, mdalasini na pilipili manga. Upande mkavu huhitaji mazao ya muda mfupi, mtama, au maji ya mfereji.

Angalia pia jua. Mteremko unaotazama mashariki hupata jua la asubuhi, umande hukauka mapema na ukungu hupungua. Unaotazama magharibi hupigwa na jua kali la alasiri, na udongo wake hukauka haraka zaidi.

Magonjwa nayo yana kimo

Ukungu wa baka chelewa hupenda ubaridi na unyevu, hivyo viazi na nyanya za juu zinahitaji kukaguliwa kila baada ya siku chache wakati wa mvua. Mnyauko bakteria wa viazi huchachamaa zaidi kwenye joto, na mdudu kantangaze huzisumbua sana nyanya za maeneo ya joto na ukavu. Kwenye kahawa, chulebuni ni adui wa mashamba ya juu yenye baridi. Kutu ya majani huzidi kadiri unavyoshuka. Kabla ya kununua dawa aliyoisifu ndugu wa tambarare, hakikisha unapambana na ugonjwa au mdudu yuleyule.

Usidanganywe na msitu

Katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walifyeka misitu ya Usambara Mashariki wapande kahawa. Waliona miti mirefu, wakadhani chini yake kuna udongo tajiri. Kahawa ilishindwa. Rutuba ilikuwa kwenye tabaka jembamba la majani yaliyooza. Chini yake mvua nyingi ilikuwa imeosha virutubisho na kuacha udongo wenye asidi. Baadaye chai, inayopenda asidi, ilistawi katika milima hiyohiyo.

Hivyo pale penye mvua nyingi, pima udongo kabla ya kuweka mbolea. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, wilayani Muheza, hushughulikia utafiti wa udongo, na bwana shamba wa kata anaweza kukuelekeza namna ya kuchukua sampuli. Linda pia tabaka la juu kwa makingamaji yanayofuata kontua, na juu yake panda majani ya Guatemala au mabingobingo. Mizizi hushika udongo, majani hulisha ng’ombe.

Hatua za kuchukua

1. Pima kimo. Simu nyingi zina GPS inayoonyesha kimo. Pima ukiwa mahali pa wazi, mara kadhaa, uchukue wastani.

2. Chora shamba. Onyesha lilipo bonde, mteremko, upande wa jua la asubuhi na mahali maji yanapopita.

3. Pima mvua. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, upime kina cha maji kwa rula kila asubuhi na kuandika. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba.

4. Uliza kimo cha mbegu. Nunua mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na umuulize muuza pembejeo inafaa kuanzia mita ngapi hadi ngapi na hukomaa kwa siku ngapi.

5. Linganisha siku hizo na mvua. Masika huwa Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Zao likihitaji miezi sita na mvua yako ni ya mitatu, tafuta maji ya ziada au mbegu nyingine.

Rudia hatua ya nne na ya tano kila baada ya miaka michache, kwa sababu joto linapoongezeka kanda zenyewe zinahama. Kwa kanuni ileile ya nyuzi 0.6, joto likipanda kwa nyuzi moja ni sawa na shamba kushushwa karibu mita 170. Mkulima wa viazi hawezi kuifuata baridi huko juu bila mwisho: mlima una kilele, na msitu wa Magamba ni hifadhi inayotunza vyanzo vya maji. Kilichobaki ni kujaribu mapema. Kila msimu tenga mistari miwili ya mbegu inayopendekezwa kwa kimo kilicho chini kidogo ya chako, pima mavuno yake kando ya mbegu yako ya kawaida, na uandike. Siku mbegu ya chini itakapoishinda ya kwako misimu kadhaa mfululizo, badilisha.