Usipuuze sauti iliyopwelea

MANAMBA anayeita abiria tangu alfajiri, mwalimu mwenye darasa lililofurika na mhubiri wa kando ya barabara wote hutegemea kiungo kimoja kidogo kilichomo shingoni. Kiungo hicho ni zoloto, au kisanduku cha sauti.

Ukitaka kujua lilipo, weka vidole mbele ya shingo kisha umeze mate. Utahisi kitu kigumu kikipanda na kushuka. Hilo ni gegedu kubwa linalokinga zoloto kwa mbele. Kwa wavulana gegedu hilo hukua upesi wakati wa kubalehe, ndiyo maana hutokeza shingoni na sauti ikawa nzito.

Ndani ya zoloto mna nyuzi mbili za sauti. Ingawa huitwa nyuzi, hazifanani na za gita. Ni mikunjo miwili ya misuli iliyofunikwa kwa utando laini. Ukivuta pumzi, hutengana ili hewa ipite. Ukitaka kusema, hukaribiana, na hewa itokayo mapafuni huzitikisa. Za mwanamume hutikisika kama mara 100 hivi kwa sekunde, na za mwanamke mara 200 hivi. Kisha ulimi, meno na midomo hugeuza mlio huo kuwa maneno.

Zoloto pia ni mlinzi wa mapafu. Unapomeza, hupanda juu, kifuniko chake huinama na nyuzi hufunga, ili chakula kielekee tumboni. Ukicheka huku unakula, mlango huo huenda ukachelewa kufunga, nawe ukapaliwa.

Kwa nini sauti hupwelea?

Mara nyingi chanzo ni mafua. Nyuzi huvimba, na kwa kawaida hupona zenyewe kabla ya wiki mbili kwisha. Kwa kuwa mafua huletwa na virusi, kununua antibiotiki dukani hakusaidii.

Wanaopaza sauti kila siku huweza kuota vinundu kwenye nyuzi. Moshi wa sigara na asidi inayopanda kutoka tumboni pia huziumiza.

Lakini sauti ikikaa zaidi ya wiki tatu bila kurudi, mwone daktari. Huenda ikawa kifua kikuu au saratani ya zoloto, ambayo huwapata zaidi wavutaji sigara, hasa wanaokunywa pombe pia. Hata uvimbe wa kifuani huweza kuharibu sauti, kwani neva ya upande wa kushoto hushuka hadi karibu na moyo kabla ya kupanda kwenye zoloto. Saratani ya nyuzi za sauti ikigunduliwa mapema, wagonjwa wengi hupona.

Uchunguzi wenyewe si wa kutisha. Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji, Manuel Garcia, alitazama zoloto lake mwenyewe kwa kioo kidogo. Siku hizi madaktari wa masikio, pua na koo hutumia pia kamera nyembamba.

Usingoje wiki tatu iwapo unapumua kwa shida, unatema damu, unashindwa kumeza au una uvimbe shingoni.

Ili kutunza sauti, kunywa maji ya kutosha, acha sigara na uipumzishe inapochoka. Usinong'one kwa nguvu ukidhani unaipumzisha, kwani kunong'ona huko huzichosha nyuzi vilevile.