Huyo Mtoto Si Kichwa Maji

Wadogo zangu wa Mpui na Ufipa yote, leo tumzungumzie yule mtoto mnayemwita kichwa maji. Umemtuma chumvi dukani, saa nzima hajarudi, na ukimfuata unamkuta anacheza mpira, chumvi haijanunuliwa. Darasani hatulii, anajibu swali kabla mwalimu hajalimaliza. Sweta kalipoteza, na baridi ya huku mnaijua. Nyumbani anachapwa, shuleni anachapwa. Majirani nao washaanza kunong'ona kwamba karogwa.

Hakurogwa. Huenda ana ADHD, hali inayoanzia kwenye ubongo: mtoto hushindwa kutuliza mawazo, kujizuia na kupanga mambo yake. Mara nyingi hurithiwa, kwa hiyo usishangae baba au shangazi naye akiwa hivyo hivyo. Duniani inakadiriwa kuwapata watoto kama 5 katika kila 100. Wasichana wengi hatuwagundui, maana binti wa namna hii anaweza kukaa kimya kabisa, macho ubaoni, akili iko mbali. Huyo tunamwita mvivu.

Utukutu hauniogopeshi. Naogopa kile mtoto anachokuja kuamini baada ya miaka ya kuambiwa hafai. Watu wenye ADHD hupata sonona na wasiwasi zaidi kuliko wenzao, huingia kirahisi kwenye pombe na bangi, hupata ajali zaidi, na hatari ya kujaribu kujiua kwao ni kubwa zaidi. Kijana anayeendesha bodaboda kama anakimbizwa, kila mwezi kazi mpya, jioni kilabuni, pengine ndiye yule mtoto wa chumvi.

Fimbo haitibu ubongo. Tena kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 hazimruhusu kila mwalimu kuchapa anavyotaka: ni mwalimu mkuu, au aliyepewa naye idhini kwa maandishi, na viboko visizidi 4. Mzazi, una haki ya kwenda shuleni ukauliza.

Badala ya fimbo, mpe mtoto agizo moja, fupi, akutazame, alirudie kwa mdomo wake. Mwombe mwalimu amkalishe mbele. Akifanya vizuri, msifu hapo hapo, usingoje matokeo ya mtihani.

Ila usimpachike jina la ugonjwa mwenyewe. Dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zionekane nyumbani na shuleni pia. Asiyesikia vizuri, mwenye kifafa, au aliyewahi kuugua malaria kali iliyopanda kichwani anaweza kuonyesha dalili kama hizo. Anza zahanati, omba rufaa ya Hospitali ya Mkoa pale Sumbawanga. Dawa zipo kwa wanaozihitaji, na mwenye kuamua hilo ni daktari.

Na wewe mkubwa uliyejiona humu, usione haya, nenda ukapimwe. Kama umefikia kuwaza kufa, usilale na wazo hilo peke yako: mwambie leo mtu unayemwamini, akusindikize hospitali.