Mtu au Mtambo: Suala la Kumpeleka Binadamu Angani

Mwaka 1970, miezi michache baada ya watu wa kwanza kutembea juu ya Mwezi, mtawa mmoja aliyekuwa akifanya kazi Kabwe, Zambia, aliandika barua kwenda Marekani. Mtawa huyo alikuwa Sista Mary Jucunda, na barua aliipeleka kwa Dakta Ernst Stuhlinger, mwanasayansi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa na cheo cha juu katika kituo cha roketi cha Huntsville. Stuhlinger alikuwa akilitetea wazo la kuwapeleka watu hadi sayari ya Mirihi. Sista alitaka kujua jambo moja tu: yawezekanaje mtu apendekeze kutumia mabilioni ya dola kwa safari ya namna hiyo, hali duniani kuna watoto wanaokufa kwa njaa?

Stuhlinger alimjibu kwa barua ndefu tarehe 6 Mei 1970, akaambatisha picha ya dunia iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 8 walipokuwa wakiuzunguka Mwezi. Katika barua hiyo alisimulia kisa cha kabaila mmoja wa Ujerumani ya zamani, aliyewagawia maskini sehemu kubwa ya mali yake. Kabaila huyo alimtunza pia fundi mmoja aliyekuwa akisugua vioo na kutengeneza lenzi. Tauni ilipoingia, watu walinung'unika kwamba fedha zinapotezwa kwa mchezo wa vioo. Lakini kutokana na lenzi hizo ilipatikana hadubini, na hadubini ikasaidia kuyashinda maradhi kuliko sadaka zote za kabaila.

Jibu hilo limesifiwa sana, nalo lastahili sifa. Hata hivyo lina pengo ambalo wengi hawakuliona. Fundi wa lenzi hakuondoka mezani pake. Kisa chenyewe chatetea uchunguzi wa sayansi, wala hakitetei safari ya mtu. Hapana budi basi kutenganisha maswali mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. La kwanza ni kama inafaa kutumia fedha katika uchunguzi wa anga za juu. La pili ni kama inafaa, katika wakati huu, kuupeleka huko mwili wa binadamu. Swali la kwanza limekwisha kujibiwa na miaka iliyopita. La pili lingali wazi.

Kazi iliyofanywa bila abiria

Stuhlinger aliahidi kwamba vyombo vya angani vitasaidia kilimo, utabiri wa hali ya hewa na mawasiliano. Ahadi hiyo imetimia. Tarehe 23 Julai 1972 ilirushwa setilaiti ya kwanza ya Landsat, na tangu hapo misitu, mashamba, maziwa na majangwa ya dunia yamekuwa yakipigwa picha mfululizo. Mwaka 1977 ilirushwa Meteosat ya kwanza, ambayo ilikaa juu ya ikweta ikiitazama Afrika na mawingu yake mchana na usiku. Katika vyombo hivyo hamna kiti, wala dirisha, wala mtungi wa hewa ya kuvuta.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni ule wa San Marco. Baharini, karibu na Malindi nchini Kenya, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma ya kurushia roketi. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa uzuri wa pwani yake. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na katika ikweta ardhi huenda kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta hupata mwendo huo bure, kama vile jiwe linalotupwa mbele na mtu aliye juu ya gari linalokwenda.

Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ndogo ya Marekani yenye uzito usiofika kilo 150. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zitoazo mionzi ya eksirei, mionzi ambayo haiwezi kupenya hewa ya dunia, na kwa hiyo haionekani kwa darubini iliyowekwa ardhini, hata ingekuwa kubwa namna gani. Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha iliyotokana nayo ilikuwa na vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Vipimo vyake vilisaidia kukitambua kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho baadaye wanasayansi walikikubali kuwa ni shimo jeusi, yaani mabaki ya nyota yenye nguvu kubwa ya mvutano hata nuru haiwezi kutoka. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Hesabu ya pumzi

Kwa nini kumpeleka mtu ni ghali mno kuliko kupeleka mtambo? Sababu ya kwanza ni kwamba mtu hana budi arudi. Chombo cha Voyager 1 kilichorushwa mwaka 1977 hakikukusudiwa kurudi, na hakuna aliyekilaumu yeyote kwa hilo. Roketi ya Saturn V iliyowapeleka wanaanga Mwezini ilikuwa na uzito wa tani 2,900 hivi ilipokuwa ikiondoka, lakini kilichorejea baharini na watu 3 ndani yake hakikupita sana tani 5. Kila kilo ya kurudishwa hudai mafuta ya kuirudisha, na mafuta hayo nayo hudai mafuta ya kuyapeleka.

Sababu ya pili ni pumzi yenyewe. Mtu mmoja huhitaji kwa siku hewa ya oksijeni ipatayo gramu 800, na maji ya kunywa na kupikia yapatayo lita 3. Safari ya kwenda Mirihi, kukaa huko hadi sayari mbili zikae tena mahali panapofaa, kisha kurudi, huchukua kama siku 900. Watu 4 kwa siku 900 ni sawa na mtu mmoja kwa siku 3,600. Oksijeni peke yake itakuwa kilo 2,880 na maji kilo 10,800, kabla ya kuhesabu chakula, nguo na dawa. Ni kweli kwamba maji huweza kusafishwa yakatumika tena. Katika kituo cha kimataifa cha angani, ambacho kimekuwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000, mwaka 2023 ilitangazwa kwamba asilimia 98 ya maji, pamoja na jasho na mkojo wa wanaanga, yaliweza kurejeshwa. Lakini kituo hicho kiko umbali wa kilomita 400 tu juu ya ardhi. Mtambo ukiharibika, kipuri huletwa na chombo cha mizigo, na mambo yakizidi, watu hupanda chombo chao wakashuka. Katika njia ya Mirihi hakuna kushuka.

Tena mwili wenyewe huharibika. Mifupa ya nyonga ya mwanaanga asiyefanya mazoezi ya kutosha hupungua kwa asilimia 1 au zaidi kila mwezi, kwani mfupa usiobeba uzito huacha kujijenga. Mionzi nayo haina huruma. Chombo kilichokwenda Mirihi mwaka 2011 hadi 2012 kilikuwa na kipimo ndani yake, nacho kilionyesha kwamba siku moja ya safari humpa msafiri mionzi inayokaribia ile ambayo mtu wa kawaida hupata katika mazingira ya dunia kwa miezi 9.

Juu ya hayo iko hatari ya ajali. Vyombo vya Marekani vilivyokuwa vikirushwa na kurudi kama ndege viliruka mara 135 kati ya mwaka 1981 na 2011. Viwili viliangamia: Challenger mwaka 1986, sekunde 73 baada ya kuondoka, na Columbia mwaka 2003 ilipokuwa ikirejea. Watu 14 walikufa. Msomaji na ajiulize kama angepanda basi ambalo katika kila safari 68 moja huishia kwa vifo vya abiria wote.

Mkono na jicho

Haitakuwa haki kuishia hapo, maana upande wa pili una hoja zake, na baadhi ni nzito.

Kati ya mwaka 1969 na 1972 watu 12 walitembea juu ya Mwezi, na safari zao zilileta mawe na udongo wenye uzito wa kilo 382. Katika miaka hiyo na michache iliyofuata, mitambo mitatu ya Muungano wa Kisovieti ilileta kwa jumla gramu 300 hivi. Wanaanga wawili wa Apollo 17, wakiwa na gari lao dogo, walipita kilomita 35 kwa siku tatu. Roboti Opportunity ilipokuwa juu ya Mirihi ilipita kilomita 45, lakini kwa miaka 14.

Tofauti haiko katika mwendo tu. Mmoja wa wawili wale wa Apollo 17 alikuwa Harrison Schmitt, mtaalamu wa miamba. Alipokuwa akitembea karibu na shimo moja dogo, jicho lake lilinasa rangi ya machungwa katika udongo wa kijivu. Alisimama akachimba. Udongo ule ulionekana kuwa chembe za kioo zilizorushwa na volkano miaka zaidi ya bilioni 3 iliyopita. Mtambo wa wakati ule, ambao ungechimba pale tu ulipotua, usingeujua kamwe.

Mfano mwingine ni darubini ya Hubble. Ilirushwa mwaka 1990, ikagunduliwa kwamba ukingo wa kioo chake kikubwa ulichongwa vibaya kwa kiasi kilicho kidogo sana kuliko unene wa unywele. Desemba 1993 wanaanga walitoka nje ya chombo chao mara tano, wakaitia vifaa vya kusahihisha kasoro hiyo. Bila mikono ile darubini ingebaki kipofu nusu.

Lakini katika hoja hizi kuna jambo la kushangaza kidogo. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000, na mawimbi ya redio hufika huko kwa sekunde 1 na theluthi. Kwa hiyo fundi aliyeketi duniani huweza kuendesha mtambo ulio Mwezini karibu kama vile yuko pale. Wasovieti walifanya hivyo na Lunokhod mwaka 1970. Mirihi, ikiwa mbali kabisa, huwa umbali wa kilomita milioni 400. Tukigawanya kwa kilomita 300,000 za mwendo wa nuru kwa sekunde, tunapata zaidi ya sekunde 1,300, yaani dakika 22 kwenda, na dakika 22 nyingine kabla ya jibu kurudi. Hapo ndipo mtu mwenye akili papo hapo angekuwa na thamani kubwa. Basi kule mtu anakoweza kufika, mtambo humtosheleza. Na kule anakohitajika hasa, bado hajaweza kufika akiwa salama.

Jingine la kutazama ni mwelekeo wa mambo. Mwaka 1970 mtambo wa Luna 16 ulileta gramu 101. Mwaka 2020 mtambo wa China, Chang'e 5, ulileta gramu 1,731, na mwaka 2024 Chang'e 6 ulileta gramu 1,935 kutoka upande wa Mwezi ambao hautazamani na dunia, upande ambao hakuna mtu aliyepata kuukanyaga. Roboti zilizofuata huko Mirihi hutazama mawe mbele yao na kuchagua njia bila kungoja amri. Mitambo inazidi kuwa na akili kila mwongo wa miaka. Binadamu bado anadai gramu zake 800 za oksijeni.

Gharama na sababu zake

Yafaa kusema wazi kwamba watu hawakupelekwa Mwezini kwa ajili ya mawe. Rais Kennedy alitangaza nia hiyo tarehe 25 Mei 1961, wiki sita baada ya Yuri Gagarin kuizunguka dunia, na lengo lilikuwa kuwapita Warusi. Mwaka 1966 shirika la NASA lilipewa zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali ya Marekani. Mashindano yalipokwisha, safari tatu zilizokuwa zimepangwa zilifutwa. Wako pia wanaodai kwamba safari za watu zilitupatia vitu kama Teflon, ile inayopakwa katika vikaango ili chakula kisigande. Teflon iligunduliwa mwaka 1938.

Leo mashindano yamerudi kwa sura mpya. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA alikadiria kwamba kila moja ya safari nne za mwanzo za mpango wa Artemis, wa kuwarejesha watu Mwezini, ingegharimu dola bilioni 4.1 kwa roketi, chombo na mitambo ya kurushia peke yake. Roboti Perseverance, tangu kubuniwa hadi kumaliza kazi yake ya kwanza Mirihi, ilikadiriwa kugharimu dola bilioni 2.7. Taifa likitaka kulipa kwa ajili ya fahari yake, hilo ni shauri lake. Lisiiandike gharama hiyo katika daftari la sayansi. Kuwarudisha Mwezini wataalamu wa miamba wachache, wakiwa na mpango mzuri wa uchunguzi, kunaweza kutetewa. Kuwapeleka watu Mirihi sasa hakuwezi.

Kwa nchi zetu za Afrika Mashariki shauri ni jepesi zaidi. Setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023 kutoka California. Picha za Landsat zimekuwa zikitolewa bure tangu mwaka 2008. Upungufu uliopo ni wa watu waliofundishwa kuzisoma picha hizo na kumfikishia mkulima habari kabla mvua haijanyesha, wala kazi hiyo haimhitaji mwanaanga.

Hata hivyo mitambo nayo ina mahali inapokwama. Perseverance ilitua Februari 2021, ikaanza kutoboa miamba na kufungia vipande vyake, kila kimoja kama kipande cha chaki, ndani ya mirija ya chuma. Mirija 10 iliilaza ardhini, ikimaliza kazi hiyo Januari 2023, ili chombo kingine kije kuichukua. Mwaka huohuo wataalamu walikadiria kwamba kuileta duniani kungeweza kufikia dola bilioni 11, na mwaka 2024 wakuu wa NASA walikiri kwamba mpango huo ni ghali mno na ungechelewa hadi mwaka 2040. Mirija yenyewe imelazwa mita chache mmoja kutoka kwa mwenziwe, na mtu mwenye mfuko angeiokota yote kwa asubuhi moja.