Fizikia Chini ya Boneti: Koili Ipi Ifungwe?

Sheria ya Ohm wengi wetu tunaikariri ili tupite mtihani tu. Mimi nimeiona ikifanya kazi kwenye gereji ya jua kali mjini Wote, na ningependa niwaonyeshe.

Hapa Kitui na Makueni bado zipo pikapu za zamani, akina Peugeot 504 na Datsun 1200, zilizoundwa na pointi ndani ya distribyuta. Pointi zikifunguka, mkondo wa koili hukatika ghafla, nguvu ya sumaku iliyomo huporomoka, na volti 12 za betri huzaa maelfu ya volti kwenye plagi. Lakini pointi huliwa na cheche, na vumbi letu mnalijua! Basi wenye magari huzing'oa na kufunga moduli ya kielektroniki, ambayo hukata mkondo kwa transista.

Sawa, moduli ni mpya. Koili je?

Chomoa nyaya za koili, uweke mita kwenye ohm, upime kati ya vichwa viwili vidogo. Koili ya kawaida ya pointi husoma kama ohm 3. Gawa 12 kwa 3: ampea 4. Koili ya ohm 1.5 hufungwa pamoja na rezista ya nje ya ohm 1.5 hivi, kwa hivyo ampea ni zile zile 4. Iondoe rezista hiyo, mkondo unaruka hadi 8, na joto ndani ya koili linapanda kutoka wati 24 hadi 96. Mara nne, jamani! Ziko pia za ohm 0.6 hivi, ambazo zaweza kuvuta ampea 20. Hizo zina moduli zao zinazojua kudhibiti mkondo. Moduli rahisi haijui, inaungua.

Mjomba wangu aliuziwa koili "ya nguvu", akaahidiwa mbio. Akitoka Kitui kwenda Kibwezi, pikapu ilizima kabla ya Ikutha, saa nane mchana, imejaa maembe. Fundi kupima: ohm 0.6. Moduli kwisha. Nusu ya maembe yalioza, na karo ya binti yake ilikuwa humo.

Kwa hiyo soma karatasi ya moduli kabla ya kununua koili. Ikisema isipungue ohm 3, koili ya 1.5 ibaki na rezista yake, ila waya wa umeme wa moduli uchukuliwe kabla ya rezista ili upate volti zote. Gusanisha kwanza nyaya za mita, kwani zenyewe zina ukinzani kidogo, kinachosomeka, kitoe. Ohm zikizidi mno nazo, cheche hufifia.

Tena, swichi isiachwe wazi injini ikiwa imezima. Moduli nyingine huendelea kupitisha mkondo, na koili inachemka huku dereva akisikiliza redio.