Si Kila Mfuko wa 'Mazingira' Unaooza

Tangu Agosti 28, 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wafanyabiashara wametafuta vifungashio mbadala. Baadhi ya vinavyouzwa vikisifiwa kuwa rafiki kwa mazingira havistahili sifa hiyo. Anayekosea hupoteza pesa, na akipatikana na mifuko iliyokatazwa anaweza kutozwa faini ya Sh2 milioni hadi Sh4 milioni, kufungwa mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili.

Bayoplastiki ni nini?
Plastiki ya kawaida hutokana na mafuta ghafi au gesi. Bayoplastiki nyingi hutokana na mimea. Aina maarufu, PLA, hutengenezwa kwa wanga wa mahindi au muhogo, au sukari ya miwa. Bakteria huichachusha sukari iwe asidi ya laktiki, ile ile inayofanya maziwa ya mala yawe machachu. Kisha kiwanda huunganisha asidi hiyo kuwa plastiki.

Je, huoza?
Kutokana na mmea si sawa na kuoza. Polithini ya miwa haina tofauti na polithini ya mafuta: haiozi. PLA huoza, lakini katika mboji ya kiwandani yenye unyevu na joto la nyuzi 58 hivi. Ikitupwa mtaroni au ziwani, hudumu kwa miaka. Nayo mifuko myepesi inayofanana na kitambaa mara nyingi ni polipropilini, ambayo ni plastiki.

Kabla ya kununua
• Muulize muuzaji kifungashio kimetengenezwa kwa nini na kinaozea wapi.
• Tafuta alama ya EN 13432. Kiwango hiki cha Ulaya hutaka asilimia 90 ya kifungashio iwe imeoza ndani ya miezi 6, lakini katika mboji ya kiwandani, si shambani.
• Pendelea kikapu cha mkonge au ukindu, gunia la juti, karatasi au jani la mgomba.
• Usichanganye PLA na chupa za plastiki za kuchakatwa, huharibu shehena. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka.

Mwenye shaka apeleke sampuli kwa afisi ya mazingira ya kaunti au ya NEMA kabla ya kununua kwa jumla.